Maji ya Kuoshea Bunduki: Habari za Masasi na Newala

Wanaoandika habari za vita vya nchi ya kusini hueleza kwa urefu idadi ya bunduki, hesabu ya risasi, na majina ya majemadari. Ni nadra kuonekana habari za jinsi bunduki hizo zilivyotunzwa baada ya moto kuzimika. Swali lenyewe laonekana dogo: bunduki isafishwe mara ngapi, na kwa kadiri gani? Walakini katika muda wa miaka mia moja hivi jibu la swali hilo liligeuka mara kadha wa kadha, na kila lilipogeuka liligeuza pia kazi za watu. Makusudi ya makala hii ni kuonyesha kwamba jibu lilitegemea mambo matatu, nayo ni aina ya baruti, umbo la mtutu, na upatikanaji wa maji. Na kwamba katika Uwanda wa Makonde jambo hilo la tatu lilikuwa zito kuliko mengine, ijapokuwa ndilo lililosahauliwa.

Kwanza hapana budi kukumbuka hali ya nchi. Masasi iko chini, upande wa magharibi, kati ya vilima vya mawe. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda, mahali ambapo mtu husimama akaliona bonde la Ruvuma lote mbele yake. Ardhi ya uwanda ni ya mchanga. Mvua ikinyesha maji huzama, wala hakuna mito juu. Chemchemi hutoka chini, penye miteremko. Kwa hiyo tangu zamani wanawake wa Kimakonde walishuka genge na kupanda tena na mitungi kichwani, safari iliyoweza kumaliza sehemu kubwa ya siku. Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani aliyezuru Masasi na Newala mwaka 1906, aliikuta hali hiyo. Na ni katika miaka ya 1950 tu ndipo mradi wa maji ulipoanza kuyapandisha kwa mashine. Nchi ya namna hiyo iliwafaa watu waliokimbia wateka watumwa, maana adui pia alihitaji kunywa. Lakini mwenye bunduki haikumfaa.

Maneno yenyewe yana habari ya kueleza. Bunduki, baruti na risasi ni majina yaliyotufikia kwa njia ya Kiarabu, pamoja na vitu vyenyewe, kwa misafara ya pwani. Katika karne ya 19 Wayao walipeleka pembe na watumwa Kilwa, wakarudi na nguo, baruti na bunduki. Kamusi za kale zimehifadhi majina ya aina zake: bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi; ya gumegume, iliyowashwa kwa jiwe; na ya fataki, yenye kifa ambacho juu yake fataki huvikwa. Zote zilishindiliwa kwa mdeki kupitia mdomoni, nazo leo huitwa kwa jumla magobore. Lakini mtu akitaka kueleza usafishaji wake, hutumia vitenzi vya nyumbani: kuosha, kusugua, kukausha, kufuta, kupaka mafuta. Ni vitenzi vya chungu na vya mwili. Kitenzi safisha hufunika kazi hizo zote, na kwa sababu hiyo huficha tofauti zilizo kati yake.

Tofauti hizo zilikuwa na maana kubwa. Baruti ya kale ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti. Ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kuwa yabisi; sehemu hutoka kuwa moshi mweupe, na sehemu hung'ang'ania ndani ya mtutu. Masizi hayo yana chumvi zinazovuta unyevu wa hewa. Gobore lililopigwa jioni na kulazwa bila kuoshwa laweza kuonyesha kutu asubuhi, hasa mahali penye ukungu na umande kama Newala. Mafuta peke yake hayasaidii, kwa kuwa chumvi haiyeyuki katika mafuta. Dawa yake ni maji, na yakiwa ya moto ni bora zaidi, kwa sababu chuma kikipata joto hujikausha chenyewe. Maji humiminwa mdomoni, hutoka penye kifa yakiwa meusi, na kazi huendelea mpaka yatoke meupe. Ndipo kitambaa kikavu hufungwa kwenye mdeki, na mwisho mafuta hupakwa kidogo. Mafuta yakizidi, huilowesha baruti itakayoshindiliwa baadaye na kuziba kifa. Basi mwindaji hufyatua, fataki hulia, na nguruwe huenda zake.

Kwa hiyo kanuni ya gobore ilikuwa nyepesi kuitaja: kila siku lilipopigwa, lioshwe siku iyo hiyo. Ugumu wake ulikuwa katika kuitimiza mahali ambapo kila kibuyu cha maji kilikuwa kimepandishwa mlimani kwa kichwa.

Wajerumani walipotawala hawakuiondoa shida hiyo mara moja. Askari wao wengi walipewa bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, yenye mtutu wa milimita 11, ambayo ilitiwa risasi kwa nyuma lakini bado ilitumia baruti ya moshi. Hata vita vilipoanza mwaka 1914, sehemu kubwa ya kombania za askari zilikuwa zingali na bunduki hizo. Paul von Lettow-Vorbeck, jemadari wao, aliandika katika kumbukumbu zake juu ya hasara ya moshi, uliomwonyesha adui mahali askari alipojificha. Hasara ya pili haikuonekana vitani. Ilionekana jioni, wakati kila mtutu uliopiga ulipodai maji yake. Kombania ya bunduki 160, kila moja ikipewa nusu lita tu, huhitaji lita 80, yaani zaidi ya madebe manne, kabla mtu hajanywa wala chakula hakijapikwa. Chini kwenye bonde la Lukuledi hesabu hiyo ni ndogo. Juu ya uwanda ni mzigo wa watu wanne au watano wenye kushuka na kupanda.

Ilidhaniwa kwamba baruti isiyo na moshi ingewaondolea askari kazi hiyo. Bunduki ya Mauser ya mwaka 1898 na ile ya Waingereza aina ya Lee-Enfield ziliacha masizi machache, na mtutu ulionekana kung'aa baada ya kufutwa. Hata hivyo kutu ilirudi, hata chini ya mafuta, na kwa muda mrefu lawama ilitupiwa baruti yenyewe au uvivu wa askari. Sababu ilithibitishwa mwaka 1922, katika utafiti wa Wilbert J. Huff uliotolewa na ofisi ya migodi ya serikali ya Marekani. Fataki iliyo kitakoni mwa risasi ilikuwa na kloreti ya potasiamu, nayo ikiungua huacha kloridi ya potasiamu, ambayo ni ndugu ya chumvi ya mezani. Chumvi hiyo haionekani kwa jicho, nayo hungojea hewa yenye unyevu ili ianze kazi yake. Jeshi la Uingereza lilikuwa na desturi ya kumimina maji yanayochemka ndani ya mtutu kwa faneli, kisha kuukausha na kuupaka mafuta. Desturi ikawa imeitangulia elimu. Basi bunduki mpya, iliyosemekana kuwa safi, ilitaka maji kama lile gobore la babu.

Yafaa sasa kuangalia miezi ya mwisho ya mwaka 1917, wakati vita vilipofika kwenye uwanda wenyewe. Katika mwezi wa Oktoba majeshi yalipambana Mahiwa kwa siku nne, na Wajerumani, ijapokuwa walishikilia mahali pao, walimaliza karibu akiba yote ya risasi zisizo na moshi. Walirudi nyuma kupitia Chiwata hadi Nambindinga na Newala wakitegemea zaidi bunduki za mwaka 1871. Huko Nambindinga, katikati ya Novemba, Lettow-Vorbeck alipima kwinini na risasi zilizosalia, akawaacha wagonjwa na mamia ya askari wazima, akachagua Wazungu wasiozidi 300 na askari wasiozidi 2,000 wa kuendelea naye. Tarehe 25 Novemba waliishambulia ngome ya Wareno ya Ngomano, ng'ambo ya Ruvuma, wakapata bunduki na risasi nyingi. Siku tatu baadaye Kapteni Tafel, aliyetoka magharibi na kumkosa mkuu wake, alisalimu amri karibu na Newala. Jeshi lililosalia liliposalimu Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, bunduki 1,071 zilizokabidhiwa zilikuwa za Kiingereza na za Kireno.

Kwa maneno mengine, bunduki zilizooshwa kwa miaka mitatu na zaidi ziliachwa kwa kukosa risasi, wala si kwa kutu. Utunzaji wake ulidumu kuliko akiba yake. Jambo hili lapasa kuhesabiwa katika sifa za askari, na zaidi katika jasho la wapagazi na wake wa askari waliofuatana na safari hizo, ambao kazi za maji na kuni ziliwaangukia kila jioni.

Imebaki sehemu ya pili ya swali: kwa kadiri gani? Hapa bidii yaweza kuwa kosa. Gobore lina mtutu laini, nalo huvumilia kusuguliwa sana. Bunduki ya kisasa ina mifuo inayozunguka ndani ya mtutu, nayo ndiyo huizungusha risasi ili iende sawa. Ufito wa chuma ukiingizwa kupitia mdomoni kila siku, tena wenye mchanga, huila mifuo hiyo hasa pale mdomoni, na bunduki hupoteza shabaha ingawa inang'aa. Ndiyo maana askari wa Kiingereza alipewa kamba yenye uzani upande mmoja na kitambaa upande wa pili, pamoja na kichupa cha mafuta, vyote vikikaa ndani ya tako la bunduki. Uzani ulitangulia kwa nyuma na kitambaa kikafuata. Bunduki isiyopigwa yatosha kukaguliwa na kufutwa vumbi. Iliyopigwa huoshwa siku hiyo, hukaushwa, hupakwa mafuta, na huangaliwa tena siku zinazofuata, kwa kuwa chumvi iliyosalia hujitokeza baadaye.

Vita vilivyofuata katika nchi hiyo vilileta jibu jingine. Tangu tarehe 25 Septemba 1964 FRELIMO ilipigana na Wareno ng'ambo ya Ruvuma, na wapiganaji wake walifunzwa Nachingwea, jirani na Masasi. Miongoni mwa silaha za zama hizo ilikuwamo ile ya Kalashnikov, ambayo mtutu wake umepakwa kromiamu ndani. Watengenezaji walijua kwamba fataki za risasi zake mara nyingi zilikuwa za chumvi, na kwamba askari wa msituni hana maji wala saa. Walihamisha sehemu ya kazi ya jioni kutoka mabegani mwa mchota maji na kuitia kiwandani. Hata hivyo waliweka ufito chini ya mtutu na kifuko cha vifaa ndani ya tako, maana kromiamu huichelewesha kutu, haiikatazi.

Kwa hiyo mtafiti akutanapo na sentensi isemayo kwamba askari walisafisha bunduki zao, na aulize ni kitenzi gani kilichofichwa ndani yake. Kama walifuta tu, kitambaa na mafuta vilitosha. Kama waliosha, pana mtu aliyekwenda chemchemini. Katika Masasi jibu halibadilishi sana habari za siku ile. Katika Newala linaongeza safari ya kushuka genge na kupanda, na mwanamke mwenye mtungi ambaye kitabu cha vita hakikumtaja.