Urithi wa Maumbo na Njia ya Unyanyembe

Mtu atakaye kuchora kwa kompyuta ramani ya njia ya kale ya misafara, itokayo Bagamoyo kupita Mpwapwa na Tabora hata Ujiji, hukuta mbele yake vitu vya namna tatu. Kwihara ni nukta. Njia yenyewe ni mstari wenye mapindi mengi. Nchi ya Unyanyembe ni eneo lenye mpaka. Vyote havina budi kuchorwa, bali kila kimoja huchorwa kwa namna yake. Jinsi ya kuvipanga ina historia yake.

Mwaka 1963 Ivan Sutherland, mwanafunzi wa chuo cha MIT huko Marekani, alimaliza tasnifu juu ya programu iitwayo Sketchpad. Ndani yake mchoro wa asili ulizaa nakala nyingi, na asili ikibadilishwa, nakala zote zilibadilika pamoja nayo. Lakini huo ulikuwa uzazi wa nakala tu, si ukoo. Ukoo ulitoka Oslo, katika lugha ya Simula 67 ya Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard. Humo klasi moja iliweza kurithi yote ya klasi nyingine na kuongeza yake. Tena klasi ya juu iliweza kutaja kazi ambayo kila mrithi aliitimiza kwa jinsi yake.

Wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19 wasingalistaajabia jambo hili. Msafara ulipoondoka, kirangozi hakumwendea kila mpagazi kumfundisha kunyanyua mzigo. Wito ulikuwa mmoja: mwenye mtumba wa nguo akauinua, mwenye masango akayatundika katika ncha za mti, mwenye pembe ya ndovu akaitia begani. Ndivyo ilivyo programu njema. Yaamuru maumbo yajichore, wala haiulizi lipi ni nukta, lipi ni mstari. Ikitakiwa kuongezwa reli, iliyofika Tabora mwaka 1912, huongezwa klasi yake tu. Sehemu itoayo amri haiguswi.

Shida i katika kuchagua nani amrithi nani. Hesabu yafundisha kwamba kila mraba ni mstatili. Basi mchoraji wa tembe, mathalani lile la Kwihara alimokaa Livingstone mwaka 1872, hushawishika kuufanya mraba mtoto wa mstatili. Mstatili una kazi ya kubadili upana peke yake. Mraba ukiirithi, ama wavunja usawa wa pande zake, ama wabadili na urefu pasipo kuagizwa, na ukuta uliopaswa kutulia ukahama. Programu haipigi kelele. Ramani ndiyo idanganyayo. Urithi wa namna hii Barbara Liskov aliutolea hotuba mwaka 1987, na mwaka 1994, pamoja na Jeannette Wing, akauwekea sharti thabiti: mrithi aweze kukaa mahali pa mzazi bila ya kumhaini aliyemtegemea mzazi.

Wako wapendao ngazi ndefu za ukoo, umbo juu ya umbo. Hupendeza katika karatasi, na huchosha kila aletaye umbo jipya. Ukoo mfupi wafaa zaidi: klasi moja ya juu, isiyo na rangi wala vipimo, yenye amri ya kujichora tu, chini yake nukta, mstari na eneo. Rangi na unene wa kalamu visirithiwe, bali umbo likabidhiwe kama mzigo, kwani mzigo hubadilishwa njiani, ukoo haubadilishwi. Na mstatili ukifanywa usiobadilika vipimo, mraba waweza kuwa mtoto wake. La sivyo, na ukae kando kama ndugu.