Fanani Asiye na Wasifu: Chemirocha na Wapiga Kinubi wa Kapkatet

Historia ya muziki aghalabu huandikwa kupitia maisha ya watu. Mpigaji wa sello, ile fidla kubwa ya Ulaya inayoegemezwa magotini, huwaachia wanahistoria wasifu uliopangika: alizaliwa lini, alifundishwa na nani, alifaulu mitihani ipi, naye aliwafundisha akina nani. Nchini Kenya, utaratibu huo ulipata makao Nairobi kilipoanzishwa chuo cha Kenya Conservatoire of Music mwaka 1944. Lakini je, katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, maisha ya mpigaji wa chepkong'o, yaani kinubi cha Wakipsigis, yameandikwa wapi? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuuzingatia wimbo mmoja uitwao Chemirocha. Inadaiwa hapa kwamba ukimya juu ya maisha ya fanani haukuathiri historia pekee, bali umeathiri pia namna utungo wake unavyofasiriwa.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1903 na kuhamia Rhodesia ya Kusini akiwa kijana, alifika Kapkatet na mitambo yake ya kurekodi. Wakati huo Wilaya ya Kericho ilijumuisha pia Bomet, ambayo ilitengwa na kuwa wilaya yake mwaka 1992. Makampuni ya chai ya Waingereza yalikuwa yamejikita huko tangu miaka ya 1920, na santuri za kigeni zilikuwa zimekwisha kusikika miongoni mwa wenyeji. Tracey alirekodi nyimbo tatu zenye jina hilo moja la Chemirocha. Mbili ziliimbwa na wanaume. Ya tatu, iliyokuja kupata umaarufu duniani, iliimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake, wakiandamana na kinubi.

Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwanamuziki wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1897, akafanya kazi katika reli kabla ya kuanza kurekodi mwaka 1927, na akafa kwa kifua kikuu mwaka 1933. Hakufika Afrika kamwe. Wasichana wa Kapkatet walipomwimba, alikuwa amekufa kwa miaka kumi na saba. Mabadiliko ya jina lake yana mantiki ya kiisimu. Kipsigis hakitofautishi sauti ghuna na sauti sighuna za vipasuo kwa namna Kiingereza kifanyavyo. Kwa hiyo sauti mbili za kigeni katika jina hilo zote zimekuwa ch. Aidha, mwanzo wa jina unaoana na kiambishi kinachotambulisha majina ya kike katika lugha za Kikalenjin, kama ilivyo katika jina la Chemutoi mwenyewe. Jina la chepkong'o nalo huanza kwa sauti hizo hizo. Mgeni, basi, hakuigwa tu. Alipewa jina linaloweza kukaa kinywani na ukooni.

Katika maelezo yake, Tracey alimwasilisha Chemirocha kuwa kiumbe nusu mtu nusu swala, akamlinganisha na Pan, mungu wa Wayunani, na akaeleza kuwa wasichana wanamhimiza acheze kwa kuruka hadi nguo zimtoke mwilini. Maelezo haya yamerudiwa mara nyingi, na kwa wasikilizaji wengi wa mbali yamekuwa ushahidi wa watu wasiojua mashine, walioisikia sauti ndani ya kisanduku wakaifanya mungu. Tafsiri hiyo ina kasoro kubwa. Inachukulia kwamba msanii wa fasihi simulizi huamini kila anachokiimba. Hakuna mhakiki anayemsoma mshairi wa Mvita kwa kigezo hicho. Kumtaka mgeni mtukufu aruke hadi avuke nguo ni mzaha wa wasichana, na mzaha ni mbinu ya kisanaa. Imeelezwa pia kwamba neno chemirocha lilikuja kutumika kwa jambo lolote jipya na geni. Kwa mtazamo huo, wimbo ni kejeli juu ya ugeni wenyewe, uliotungwa na watu walioishi jirani na mashamba ya ugeni huo.

Kwa nini basi tafsiri ya mungu ikatawala? Kwa sababu Rodgers ana wasifu, Tracey ana wasifu, lakini Chemutoi Ketienya amebaki jina juu ya lebo ya santuri. Hadhira haikuelezwa nani alimfundisha, ni katika shughuli zipi aliimba, wala nani alijifunza kwake. Fanani asiye na maisha huonekana hana nia, na asiye na nia hawezi kudhaniwa kuwa anatania. Elimu ya kinubi hupatikana kwa kuketi kando ya mjuzi, kuzitazama ensi zake za mikono na kuzifuata nyuzi kwa sikio. Haina cheti, lakini ina walimu.

Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walitaka fasihi simulizi iwekwe kitovuni mwa masomo ya fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Ushindi wao ulikuwa mkubwa, ila uliipa matini hadhi kuliko mtunzi: vitabu vingi vya nyimbo vilivyofuata vilitaja kabila na kuacha jina. Mwaka 2014 maktaba ya muziki aliyoiasisi Tracey mwaka 1954, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, ilizirejesha rekodi hizo Kapkatet, na baadhi ya waliorekodiwa walikutwa wangali hai. Miaka sitini na minne ilikuwa imepita. Tendo hilo linaonyesha kwamba wasifu wa fanani ulikuwa unapatikana. Kilichokosekana ni wa kuuliza. Mtafiti wa leo anayeingia Bureti au Sotik na kinasa sauti hana budi kuanza na maswali yale yale anayoulizwa mpigaji wa sello: jina lako nani, mwalimu wako nani, na wanafunzi wako wako wapi. Bila majibu hayo, uhakiki utaendelea kuwahesabu watani kuwa waumini.