Tuzo za Maktaba na Swali la Umbali: Historia Ikitazamwa Kutoka Nyaishozi

Kila taaluma ina namna yake ya kuwaheshimu watu wake. Wanahabari wana tuzo zao, wahandisi na madaktari vilevile. Wakutubi nao, katika nchi kadhaa, huchagua maktaba iliyotoa huduma bora na kuitangaza mbele ya wenzao. Wengi wetu hupita habari hizo kama jambo la sherehe na picha. Nadhani tunakosea, kwani anayetoa tuzo hutangaza, hata asipokusudia, ni kazi gani anaiona njema na kwa kipimo kipi.

Katika makala haya nimechagua kulitazama suala hilo kutoka Nyaishozi, kata ya wilaya ya Karagwe mkoani Kagera, nchi ya migomba na kahawa. Nauliza hivi: mizani ya tuzo za maktaba ikiletwa Nyaishozi, itapima nini? Ili kujibu, yatupasa kwanza kuirejea historia.

Karagwe iliingia vitabuni mapema kuliko sehemu nyingi za bara. Mwezi Novemba 1861, Waingereza John Hanning Speke na James Grant walifika katika makao ya Mfalme Rumanyika, wakapokewa kwa ukarimu. Mwaka 1863 kitabu cha Speke kuhusu safari hiyo kilichapishwa Uingereza. Tangu hapo msomaji wa London aliweza kukaa maktabani na kusoma habari za mfalme wa Karagwe, za ng'ombe wake na za wageni wake, huku Mnyambo mwenyewe akiihifadhi historia yake katika masimulizi ya wazee. Masimulizi hayo hayakuwa duni. Mwanahistoria Israel Katoke aliyatumia kuandika kitabu chake juu ya ufalme wa Karagwe, kilichotoka Nairobi mwaka 1975. Baadaye Josephat Rugemalira wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akaandika sarufi ya lugha ya Kinyambo.

Kwa hiyo vitabu juu ya Karagwe vipo. Lakini kuwapo kwa kitabu ni jambo moja, na kufikika kwake ni jambo jingine. Mwanafunzi wa Nyaishozi anayetaka kujua babu zake waliishi vipi yuko zaidi ya kilomita 100 kutoka Bukoba, iliko maktaba ya mkoa. Nauli ya kwenda na kurudi ni fedha ambayo mzazi wake angenunulia daftari na sabuni. Na akikipata kitabu cha Katoke, atakikuta kimeandikwa kwa Kiingereza. Huo ndio umbali ninaouzungumzia: umbali wa barabara, wa mfuko na wa lugha kwa pamoja.

Waliotutangulia waliujua umbali huo. Katika miaka ya 1950, East African Literature Bureau, taasisi iliyoanzishwa na watawala wa kikoloni mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuwa na makao yake Nairobi, ilituma masanduku ya vitabu kwenye vituo vya mbali na kuwaazima wasomaji vitabu kwa njia ya posta. Huduma ilikuwa finyu, na mtawala ndiye aliyeamua kipi kifae kusomwa. Hata hivyo wazo la sanduku lilikuwa na busara yake, maana lilikubali kwamba msomaji asipoweza kwenda kwa kitabu, kitabu kiende kwa msomaji.

Mwaka 1960 Sidney Hockey, mtaalamu wa maktaba aliyefanya kazi na taasisi hiyo, alitoa ripoti iliyopendekeza kila nchi ya Afrika Mashariki iwe na mfumo wake wa maktaba za umma. Tanganyika ilitunga sheria yake mwaka 1963, miaka 100 kamili tangu kitabu cha Speke kitoke. Uganda ikafuata mwaka 1964 na Kenya mwaka 1965. Tarehe 9 Desemba 1967, katika maadhimisho ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Lilikuwa jengo la fahari, na fahari hiyo ilistahili, kwa kuwa taifa changa lilikuwa limejijengea nyumba ya vitabu ambayo mlango wake ulikuwa wazi kwa wote.

Tangu siku hiyo tumekuwa na njia mbili za kufikiri juu ya maktaba: njia ya nyumba na njia ya sanduku. Nyumba huonekana. Ina jiwe la msingi, ina mgeni rasmi, na hupigwa picha. Sanduku halina hayo. Lakini miaka iliyofuata ilionyesha nguvu ya sanduku kwa namna isiyosahaulika.

Mkoa wa Kagera, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi hadi mwaka 1979, ulikuwa miongoni mwa mikoa minne ya kanda ya ziwa iliyochaguliwa kwa mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, ulioanza mwaka 1968 kwa msaada wa UNESCO. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu na kujadiliana. Maktaba za vijiji zikaanzishwa, mara nyingi kabati moja katika chumba cha shule au ofisi ya kijiji. Likatoka gazeti la vijijini lenye jina ambalo lenyewe ni hoja: Elimu Haina Mwisho. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma wala kuandika. Kufikia mwaka 1986 takwimu za Serikali zilitaja chini ya asilimia 10.

Mtu anaweza kuzitilia shaka takwimu hizo, na wapo wasomi waliofanya hivyo. Lakini hawezi kukana kwamba mamilioni walisogea. Na hawakusogezwa na majengo. Walisogezwa na mwalimu wa jioni, redio ya betri, kijitabu cha kurasa chache na kabati lenye kufuli moja.

Kisha likaja anguko. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilipita katika mkoa huu huu. Uchumi ukayumba, karatasi ikaadimika, bajeti za huduma za jamii zikakatwa. Vitabu vilivyochakaa havikubadilishwa. Aliyejifunza kusoma akakosa cha kusoma, na ujuzi usiotumika hufifia. Sheria mpya ya Bodi ya Huduma za Maktaba ilikuwa imetungwa mwaka 1975, na mwaka 1989 Bagamoyo ikapata chuo cha kufundisha wakutubi. Taasisi zilisimama, makabati ya vijijini ndiyo yaliyoachwa.

Je, tuzo zina nafasi gani katika historia hii? Mwaka 2000 Taasisi ya Bill na Melinda Gates ilianza kutoa tuzo ya kila mwaka kwa maktaba na mashirika yanayowapatia watu maarifa na intaneti bila malipo. Mwaka 2003 ilikwenda Cape Town. Mwaka 2005 ilikwenda Bangladesh, kwa shirika la Shidhulai lililopakia vitabu na kompyuta katika mashua na kuzifuata jamii za kando ya mito. Na mwaka 2011 ilikuja kwetu: dola milioni 1 zilipewa Arid Lands Information Network, shirika lenye makao Nairobi, kwa ajili ya vituo vyake vya Maarifa. Vilikuwa vituo vidogo vya vijijini, katika nchi za Kenya, Uganda na Tanzania, ambako mkulima au mfugaji aliweza kutumia kompyuta, kusoma machapisho na kuuliza bei ya mazao bila kulipa.

Tuitazame vizuri orodha hiyo. Majaji wa dunia walipoulizwa ni maktaba ipi bora, mara kadhaa walilichagua sanduku: mashua mahali pamoja, chumba kidogo chenye kompyuta mahali pengine. Wakenya walikwisha kutuonyesha jambo hilohilo mwaka 1996, walipoanza kupeleka vitabu kwa ngamia Garissa.

Lakini historia hiyo ina onyo pia. Mwaka 2014 taasisi ya Gates ilitangaza kwamba itaufunga mpango wake wa maktaba duniani, na kufikia mwisho wa mwaka 2018 mpango ulikuwa umekoma. Tuzo ya mfadhili hudumu kwa muda wa mapenzi ya mfadhili. Tulilipata somo hilo katika miaka ya 1980, na yaelekea bado hatujalihitimu.

Upo umbali mwingine ambao hauishi hata kitabu kikifika kijijini. Mtoto asiyeona anaweza kukaa mezani mbele ya kitabu na bado akawa mbali nacho kama aliye ng'ambo ya ziwa. Vivyo hivyo mtoto mwenye ualbino asiyepata maandishi makubwa. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 unaruhusu vitabu vyenye hakimiliki kugeuzwa kuwa nukta nundu, sauti au maandishi makubwa na kuvushwa mipaka kwa ajili ya watu hao, bila kibali cha kila mwenye haki. Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020. Kujiunga ni hatua njema. Ila mkataba haujisomi wenyewe kwa mtoto; unahitaji mkutubi mwenye kifaa, umeme na maagizo.

Pendekezo langu ni dogo. Wakutubi wetu na Bodi yao waanzishe tuzo ya kitaifa, nayo iendeshwe kwa fedha za ndani hata kama ni kidogo. Wasipime ukubwa wa jengo wala idadi ya vitabu rafuni. Wapime mambo matatu: msomaji wa mbali zaidi aliyefikiwa, msomaji mwenye ulemavu aliyehudumiwa kwa heshima, na kitabu kinachowahusu wenyeji kilichowafikia kwa lugha wanayoisoma. Na maktaba iliyoshinda ikaguliwe tena baada ya miaka mitano, kabla jina lake halijaandikwa katika orodha ya kudumu.

Kwa mizani hiyo, maktaba ya kifahari ya mjini itaweza kushindwa na kabati la shule ya msingi, ikiwa mwalimu wa shule hiyo hulifungua kila jioni. Hakuna aibu katika hilo. Aibu ni kwamba zaidi ya miaka 160 tangu Speke aichapishe Karagwe kwa ajili ya wasomaji wa London, bado tunalazimika kuuliza kama kijana wa Nyaishozi anaweza kuisoma Karagwe akiwa Karagwe. Siku atakapoweza, mkutubi aliyemfikishia kitabu hicho atastahili tuzo, na mimi nitakuwa wa kwanza kumpigia makofi.