Baba, Papa, Pamba: Herufi na Maneno Kusini mwa Pwani

Scrabble, mchezo wa kuunda maneno kwa herufi, una vipande 100 katika toleo lake la Kiingereza. K imo mara moja tu na ina pointi 5. Z nayo ni moja, pointi 10. Alfred Butts, Mmarekani aliyeubuni mchezo huo katika miaka ya 1930, alihesabu herufi katika magazeti ya Kiingereza, akazipa thamani kwa kadiri ya uhaba wake. Kwa hesabu hiyo neno kuku haliandikiki bila kutumia kipande kitupu. Na Mdigo wa Msambweni, kusini mwa Pwani ya Kenya, akipanga kpwa, yaani kwa, neno linalomtoka kinywani kutwa kucha, litapewa pointi 13 kana kwamba ni tunu ya kuokotwa mara moja kwa mwaka. Umbo la herufi ni lilelile, lakini mgawo wake ni wa lugha inayozitumia. Hoja yangu ni kwamba kila mara watu wa kusini mwa Pwani walipopokea herufi za wenzao, walipokea pia hesabu iliyopigwa kwa ajili ya lugha nyingine, na maneno yao wenyewe yakabaki kusubiri nafasi.

Herufi za kwanza kukita mizizi hapa zilikuwa za Kiarabu. Kuanzia Diani hadi Wasini na Vanga, mtoto alianza na alifu na bee chuoni, na kwa herufi hizohizo Waswahili waliandika barua, mikataba na tenzi. Kiarabu hakina p, wala ch, wala v, wala g ya Kiswahili, na irabu zake ni tatu: fataha, kasiri na dhumu. Kwa hiyo kasiri ilibeba i na e, na dhumu ikabeba u na o. Chukua bee, alifu, bee, alifu. Katika maandishi ya zamani umbo hilo liliweza kusomwa baba, au papa yule wa baharini, au pamba, au bamba la bati, kwa kuwa bee moja ilibeba b, p na mb kwa pamoja. Msomaji alikuwa akitafuta neno ndani ya fungu la herufi, na aliyelipata ni yule aliyekwisha kuijua lugha. Wapo watakaosema hilo halikuwa tatizo, maana muktadha unatosha: barua ya mvuvi inataja papa, ya mfanyabiashara inataja pamba. Kwa barua ni kweli. Kwa utenzi, ambamo neno huchaguliwa kwa ugeni na uzuri wake, muktadha huchoka mapema. Ndiyo maana Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alijitahidi kuzirekebisha herufi za Kiarabu ziweze kubeba sauti za Kiswahili. Mtu hazibi ufa usiokuwapo.

Herufi za Kilatini zilikuja na wamishonari. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Steere akachapisha kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Tukiri kwamba tahajia hiyo ni safi. Imetenganisha th na dh, kazi ambayo Kiingereza kinaitupia th peke yake. Hata hivyo iliacha vitu nje. Mzee wa Pwani hutamka kaa la moto na kaa wa baharini kwa k mbili tofauti, ya pili ikiwa na pumzi. W. E. Taylor, mmishonari aliyekijua Kimvita, alizitilia alama za kuzitofautisha, lakini tahajia sanifu inaziandika sawasawa.

Aliyeachwa nje zaidi ni Mdigo. Kwa muda mrefu, aliyejua kusoma Kwale alisoma Kiarabu, Kiswahili au Kiingereza, na Kidigo kikabaki mdomoni. Mwaka 2004 Joseph Mwalonya, Juma Zimbu, Alison Nicolle na Steve Nicolle walitoa kamusi ya Kidigo, Kiingereza na Kiswahili iitwayo Mgombato. Humo ts, dz, ph na kpw zinasimama zenyewe: chitswa ni kichwa, dzulu ni juu, tsi ni nchi. Aliyezoea Kiswahili huona herufi zimerundikana. Mwenye lugha huona sauti yake.

Pingamizi la kwanza ni kwamba kpw ni mzigo, kwamba kw ingetosha na Mdigo angejisomea kwa mazoea. Lakini mtoto wa Kidigo anasoma Kiswahili pia darasani, na kule kw ni sauti nyingine. Tahajia inayomwachia akisie inamrudisha kwenye bee iliyobeba b, p na mb. Pingamizi la pili ni kwamba herufi zenyewe ni za Kiingereza, basi Kidigo kinajiazimia tu. Kiingereza nacho kiliziazima kutoka kwa Warumi, tena kikawa na herufi zake za sauti ya th zilizokuja kupotea, ikabidi kuunganisha t na h. Kama Mwingereza aliruhusiwa kuunga t na h, Mdigo hana deni kwa kuunga k, p na w.

Mtaala wa umilisi wa Kenya unataka mtoto wa Gredi 1 hadi 3 afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Walimu wa Diani, Msambweni na Lungalunga, andikeni kpwa ubaoni.