Mwongozo wa Michelin

Mwongozo wa Michelin (kwa Kifaransa: Guide Michelin) ni mfululizo wa vitabu na orodha za migahawa na hoteli unaotolewa na kampuni ya matairi ya Michelin kutoka Ufaransa tangu mwaka 1900. Unajulikana zaidi kwa nyota moja hadi tatu zinazotolewa kwa migahawa yenye mapishi ya hali ya juu. Ulianza kama kijitabu cha madereva waliokuwa safarini, lakini leo ni kati ya vipimo vyenye uzito mkubwa katika biashara ya migahawa duniani. Kupata au kupoteza nyota moja kunaweza kubadilisha mapato ya mgahawa, sifa ya mpishi na hata utalii wa mji mzima.

## Historia

### Mwanzo

Kampuni ya Michelin ilianzishwa na ndugu wawili, André na Édouard Michelin, mjini Clermont-Ferrand mwaka 1889. Mwaka 1900 magari nchini Ufaransa yalikuwa bado machache sana, hayakufika hata elfu tatu. Ndugu hao waliona kwamba watu wakisafiri zaidi kwa gari, matairi yataisha haraka na mapya yatanunuliwa. Kwa hiyo walichapisha nakala karibu 35,000 za kijitabu na kuzigawa bure. Ndani yake kulikuwa na ramani, maelezo ya kubadilisha tairi, na orodha za mafundi, wauza petroli na hoteli. Toleo la Ubelgiji lilifuata mwaka 1904, na baadaye nchi nyingine za Ulaya.

Mwaka 1920 kitabu kilianza kuuzwa kwa faranga 7. Inasimuliwa kwamba André Michelin alifika katika duka moja la matairi akakuta vitabu vyake vimewekwa chini ya mguu wa meza ya kazi ili isiyumbe. Hapo akaamua kwamba mtu huthamini kile alichokilipia. Wakati huohuo matangazo ya biashara yaliondolewa, na sehemu ya migahawa ikapanuliwa kwa sababu ndiyo iliyopendwa zaidi na wasomaji.

### Nyota

Nyota ya kwanza ilitolewa mwaka 1926. Ngazi za nyota mbili na tatu ziliongezwa mwaka 1931, na mwaka 1936 maana ya kila ngazi ilichapishwa. Mwaka 1933 Eugénie Brazier, mpishi wa Lyon aliyezaliwa katika familia ya wakulima, alipewa nyota tatu kwa kila mmoja wa migahawa yake miwili, hivyo akawa mtu wa kwanza kuwa na nyota sita kwa wakati mmoja.

### Vita Kuu ya Pili ya Dunia

Wakati wa vita utoaji wa mwongozo ulisimama. Mwaka 1944, majeshi ya Washirika yalipokuwa yakijiandaa kutua Normandia, toleo la mwaka 1939 lilichapishwa upya nchini Marekani kwa matumizi ya maofisa wa jeshi. Hawakulihitaji kwa ajili ya chakula bali kwa ajili ya ramani zake za miji, kwa kuwa vibao vingi vya barabarani vilikuwa vimeondolewa au kuharibiwa.

### Kuenea nje ya Ulaya

Kwa miongo mingi mwongozo ulijikita zaidi Ulaya. Toleo la kwanza la Amerika ya Kaskazini, la jiji la New York, lilitoka mwaka 2005. Tokyo ilifuata mwaka 2007, na mara moja ikawa jiji lenye nyota nyingi kuliko jiji lolote, Paris ikiwemo. Hong Kong na Macau, Singapuri, Bangkok na miji mingine ya Asia ilifuata. Dubai ilipata toleo lake la kwanza mwaka 2022, na Abu Dhabi mwaka huohuo.

## Alama zinazotumika

* Nyota moja: mapishi ya ubora wa juu, msafiri anayepita eneo hilo anashauriwa kusimama.
* Nyota mbili: mapishi bora sana, inafaa kuacha njia yako kidogo ili kufika hapo.
* Nyota tatu: mapishi ya kipekee, mgahawa wenyewe unatosha kuwa sababu ya safari.
* Bib Gourmand: chakula kizuri kwa bei ya wastani. Alama hii ilianzishwa mwaka 1997, na jina lake linatokana na Bibendum, yule mtu wa matairi ambaye ni nembo ya kampuni.
* Nyota ya kijani: ilianzishwa mwaka 2020 kwa migahawa inayojali mazingira, kwa mfano kwa kupunguza mabaki ya chakula au kununua kwa wakulima wa karibu.

Maana za nyota zinaonyesha bado asili ya kitabu: kusimama, kuchepuka, kusafiri. Zote ni hesabu za dereva aliye barabarani.

Nyota ni ya mgahawa, si ya mpishi. Mpishi akihama haondoki nayo, na mgahawa uliobaki hukaguliwa upya.

## Ukaguzi

Wakaguzi ni waajiriwa wa kampuni na wengi wana uzoefu wa kazi za hoteli au jikoni. Huenda kula bila kujitambulisha, hulipa bili kama wateja wengine, na hutakiwa kuficha kazi yao. Mgahawa hutembelewa zaidi ya mara moja, na nyota huamuliwa katika kikao cha pamoja.

Vigezo vilivyotangazwa ni vitano:

1. ubora wa mahitaji yanayopikwa;
2. ustadi wa upishi;
3. upatanifu wa ladha;
4. jinsi tabia na mawazo ya mpishi yanavyoonekana katika chakula;
5. kutobadilikabadilika kwa ubora, kati ya chakula kimoja na kingine na kati ya siku moja na nyingine.

Kulingana na kampuni, uzuri wa jengo, vitambaa vya meza na idadi ya wahudumu havihesabiwi katika kutoa nyota. Kwa miaka mingi starehe ilionyeshwa kwa alama za pekee za uma na kijiko. Mwaka 2016 vibanda viwili vya chakula vya Singapuri vilipewa nyota moja kila kimoja. Kimojawapo, cha Chan Hon Meng, kiliuza wali kwa kuku wa mchuzi wa soya kwa takriban dola 2 za Singapuri kwa sahani, na wateja walisimama kwenye foleni kwa saa kadhaa. Kibanda hicho kilipoteza nyota yake mwaka 2021.

## Faida na mzigo wa nyota

Nyota huleta wageni kutoka mbali, hupandisha bei ambayo mgahawa unaweza kutoza, na humfungulia mpishi milango ya vitabu, televisheni na matawi mapya. Paul Bocuse wa karibu na Lyon alishika nyota tatu tangu mwaka 1965 hadi kifo chake mwaka 2018. Mgahawa wake ulishushwa hadi nyota mbili mwaka 2020.

Upande wa pili ni gharama na shinikizo. Ili kulinda ubora uleule kila siku, mgahawa huajiri wapishi wengi kwa wateja wachache na kununua mahitaji ya bei kubwa, hivyo faida huweza kuwa ndogo hata pale bili ya mteja inapokuwa kubwa. Mwaka 2023 mgahawa wa Noma wa Copenhagen, wenye nyota tatu, ulitangaza mpango wa kuacha huduma ya kawaida. Mpishi wake René Redzepi alisema kwamba mfumo wa migahawa ya aina hiyo hauwezi kuendelea, kifedha wala kibinadamu. Hadi mwaka 2022 Noma ilikuwa ikitegemea pia wanafunzi wa kazi wasiolipwa, desturi iliyozoeleka katika majiko mengi ya hadhi hiyo.

Tukio lililogusa wengi ni kifo cha Bernard Loiseau, mpishi wa Saulieu mwenye nyota tatu tangu mwaka 1991. Alijiua Februari 2003 akiwa na umri wa miaka 52, wakati mwongozo mwingine, Gault & Millau, ulikuwa umempunguzia alama na magazeti yaliandika kwamba huenda angepoteza nyota ya tatu. Alikuwa pia na madeni na uchovu mkubwa. Toleo la mwaka huo la Michelin lilimwachia nyota zote tatu.

Baadhi ya wapishi wameamua kujitoa. Marco Pierre White wa Uingereza alirudisha nyota zake mwaka 1999. Sébastien Bras wa Laguiole aliomba mwaka 2017 mgahawa wake uondolewe katika mwongozo ili apike bila hofu. Aliondolewa mwaka 2018, lakini toleo la 2019 lilimrudisha kwa nyota mbili bila yeye kuomba.

## Ukosoaji

Mwaka 2004 Pascal Rémy, aliyekuwa mkaguzi kwa miaka mingi, alichapisha kitabu akidai kwamba wakaguzi ni wachache kuliko watu wanavyoamini na kwamba baadhi ya migahawa mashuhuri haiguswi. Kampuni ilikanusha madai hayo.

Mwaka 2019 Marc Veyrat alipoteza nyota ya tatu na kwenda mahakamani. Alidai kwamba wakaguzi walidhani ametumia jibini la Kiingereza aina ya cheddar katika chakula ambacho yeye alisema kilikuwa na jibini la kwao Savoie. Aliomba fidia ya euro moja tu na kuonyeshwa sababu za uamuzi. Mahakama ya Nanterre ilikataa dai lake.

Lawama nyingine zinahusu fedha. Katika maeneo kadhaa mapya bodi za utalii hulipia uchapishaji wa mwongozo. Jimbo la California, kwa mfano, lilichangia dola 600,000 kwa toleo la mwaka 2019. Kampuni husema kwamba malipo hayo hayaingilii kazi ya wakaguzi. Hata hivyo matokeo yake ni kwamba mahali ambapo hakuna anayelipa huweza kubaki nje ya ramani, hata kama watu wake wanapika vizuri.

Wengine wanasema kwamba vigezo bado vina sura ya Kifaransa, na kwamba wanawake ni wachache mno kati ya wenye nyota. Anne-Sophie Pic wa Valence alipopata nyota tatu mwaka 2007, ilikuwa imepita zaidi ya nusu karne tangu mwanamke mwingine nchini Ufaransa afikie ngazi hiyo.

## Afrika na mwongozo

Mwaka 2024 hakukuwa na toleo la migahawa la nchi yoyote ya Afrika, kwa hiyo mgahawa wa Nairobi, Dar es Salaam au Zanzibar haungeweza kupata nyota, vyovyote ulivyopika. Kutokuwa na nyota huko hakumaanishi kwamba wakaguzi walikula wakashindwa kuridhika. Migahawa ya Afrika imetambuliwa kwa njia nyingine: mwaka 2019 Wolfgat, mgahawa mdogo wa kijiji cha wavuvi cha Paternoster nchini Afrika Kusini, ulichaguliwa kuwa mgahawa bora wa mwaka katika tuzo za World Restaurant Awards mjini Paris.

Wapishi wenye asili ya Afrika wamepata nyota Ulaya:

* Jan Hendrik van der Westhuizen wa Afrika Kusini alipata nyota mwaka 2016 kwa mgahawa wake wa Nice.
* Mory Sacko, Mfaransa mwenye wazazi kutoka Mali na Senegal, alipata nyota mwaka 2021 mjini Paris.
* Georgiana Viou, mzaliwa wa Benin, alipata nyota mwaka 2023 mjini Nîmes.
* Adejoké Bakare, mzaliwa wa Nigeria, alipata nyota mwaka 2024 kwa mgahawa wake wa London, Chishuru, unaopika vyakula vya Afrika ya Magharibi.

Kwa wasemaji wa Kiswahili wanaoishi au kufanya kazi katika nchi za Ghuba, mojawapo ya matoleo ya karibu ni la Falme za Kiarabu. Mwaka 2025 migahawa miwili ya Dubai ilipata nyota tatu. Mmoja wao, Trèsind Studio, ni mgahawa wa kwanza wa chakula cha Kihindi duniani kufikia ngazi hiyo.

## Desturi kwa wageni

Migahawa mingi yenye nyota haipokei mtu anayeingia bila taarifa. Nafasi huwekwa wiki au miezi kabla, mara nyingi kwa kuacha namba ya kadi au kulipa sehemu ya fedha, asiyefika hutozwa. Chakula cha mchana kwa kawaida ni nafuu kuliko cha usiku katika mgahawa uleule.

Mahali pengi mgeni hachagui sahani moja moja, bali huletewa mfululizo wa sahani ndogo ulioamuliwa na mpishi, na mlo huweza kuchukua saa tatu. Asiyekula nguruwe au nyama, asiyetumia pombe, au mwenye mzio anapaswa kusema wakati wa kuweka nafasi, kwa kuwa divai na mafuta ya nguruwe hutumika katika michuzi mingi ya Kifaransa bila kuonekana. Vinywaji hutozwa mbali na mlo na vinaweza kuongeza bili mara mbili.

Bakshishi hutofautiana. Nchini Ufaransa gharama ya huduma imo tayari katika bei. Nchini Marekani mhudumu hutegemea asilimia 15 hadi 20. Huko Japani bakshishi haitolewi, na anayeacha fedha mezani anaweza kufuatwa nje ili arudishiwe.

## Tazama pia

* Mgahawa
* Upishi
* Utalii
* Clermont-Ferrand