Matanuri ya Vifaranga ya Misri
Nchini Misri, karne nyingi kabla ya umeme, mayai kwa maelfu yalitotoleshwa pasipo kuku wa kuyaatamia, katika matanuri ya matofali ya udongo, yaani majengo yenye ujia katikati na vyumba vya ghorofa mbili kila upande, ambamo mayai yalipangwa chini na moto wa samadi na makapi ukawashwa juu. Hapakuwa na kipimajoto: mtunza tanuri alilichukua yai na kuligusisha kwenye kope la jicho lake, mahali ambapo ngozi ni nyembamba mno, akatambua kama moto uongezwe au upunguzwe. Ustadi huu, unaostahili heshima kubwa kuliko unayopewa, wenyeji wa kijiji cha Berma katika delta ya Mto Naili waliurithisha baba kwa mwana. Mwanasayansi Mfaransa Réaumur, aliyechapisha kitabu juu ya kazi hiyo mwaka 1749, alieleza kwamba mwenye tanuri alidaiwa vifaranga wawili kwa kila mayai matatu aliyokabidhiwa, na waliozidi wakawa faida yake. Naye Réaumur alipojaribu kuiga utaalamu huo kwao Ufaransa, alitumia mapipa yaliyofukiwa katika samadi ya farasi.