Wasiwasi uliopitiliza: Dalili zake na namna tiba ya mazungumzo inavyosaidia

Wasiwasi ni sehemu ya maisha ya kila binadamu. Mwanafunzi huupata anaposubiri matokeo ya mtihani, mkulima mvua zinapochelewa, na mzazi mtoto asiporudi nyumbani kwa wakati. Wasiwasi wa namna hiyo una faida, kwa kuwa humfanya mtu ajiandae na kuchukua tahadhari. Hata hivyo, wapo watu ambao wasiwasi wao hauishi hata baada ya jambo lililousababisha kumalizika, na wapo wanaopatwa na hofu kubwa pasipo hatari yoyote. Hali hiyo inapodumu na kumzuia mtu kutekeleza majukumu yake, wataalamu wa afya huitambua kuwa ni ugonjwa, na ni ugonjwa unaotibika.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa wakiishi na magonjwa ya wasiwasi, idadi inayoyafanya kuwa magonjwa ya akili yanayowapata watu wengi zaidi. Wanawake huathirika zaidi kuliko wanaume. Pamoja na kuwapo kwa tiba zilizothibitishwa, ni takriban mgonjwa mmoja tu kati ya wanne anayepata matibabu. Miongoni mwa sababu zinazotajwa ni watu kutofahamu kuwa hali hiyo inatibika, uhaba wa wataalamu na unyanyapaa.

Mwili unavyojibu hatari

Mwanzoni mwa karne ya 20, mtaalamu wa fiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, alieleza namna mwili unavyojiandaa kupambana au kukimbia unapokabiliwa na hatari. Ubongo hutoa taarifa, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini katika damu, mapigo ya moyo huongezeka, pumzi huenda haraka, misuli hukaza na jasho hutoka. Wakati huohuo kazi ya usagaji wa chakula hupungua, ndiyo maana mtu mwenye hofu huhisi tumbo kuvurugika.

Mfumo huo humwokoa mtu anayekimbia nyoka au gari lililopoteza mwelekeo. Kwa mgonjwa wa wasiwasi, mfumo huohuo huamka mahali pasipo na nyoka wala gari. Dalili anazozihisi ni za kweli kabisa, ila chanzo chake si hatari iliyo mbele yake. Anapopumua haraka kupita kiasi, kiwango cha kaboni dayoksaidi katika damu hushuka, naye huhisi kizunguzungu na ganzi vidoleni na midomoni. Dalili hizo humtia hofu zaidi, na hofu hiyo huongeza dalili.

Ugonjwa huu una sura kadhaa. Wapo wanaohangaishwa na mambo mengi ya kila siku, kama vile fedha, afya na familia, kwa siku nyingi zaidi kuliko zisizo na wasiwasi na kwa muda wa miezi sita au zaidi, huku wakikosa usingizi na utulivu. Wapo wanaopatwa na taharuki ya ghafla inayofikia kilele ndani ya dakika chache, wakiamini kuwa wanakufa. Wengine huogopa mno kutazamwa au kuhukumiwa na watu, na wengine huogopa kitu au mahali mahususi. Watoto nao huweza kupatwa na hofu kubwa ya kutenganishwa na wazazi wao.

Kwa nini hutambuliwa kwa kuchelewa

Kwa kuwa dalili nyingi huonekana mwilini, mgonjwa wa wasiwasi mara nyingi huanza kwa kutafuta tiba ya moyo, presha, vidonda vya tumbo au malaria. Vipimo hivyo vina umuhimu wake na havipaswi kurukwa. Matatizo ya tezi ya thairoidi, upungufu wa damu, hitilafu katika mapigo ya moyo, baadhi ya dawa, unywaji wa kahawa nyingi na kuacha pombe ghafla huweza kuleta dalili zinazofanana na za wasiwasi.

Tatizo hujitokeza pale majibu yanapoonesha kuwa moyo na tumbo ni vizima, kisha mgonjwa akaambiwa kuwa hana ugonjwa wowote. Kauli hiyo humrudisha nyumbani akiwa na dalili zilezile, gharama zaidi na shaka kuwa huenda ana ugonjwa usioonekana. Hapo ndipo baadhi huanza kuhama hospitali moja hadi nyingine, na wengine kuamini kuwa wamerogwa. Jibu linalomsaidia mgonjwa ni kuelezwa kuwa vipimo vya mwili viko sawa, kuwa dalili zake ni za kweli, na kuwa ipo idara inayozishughulikia.

Familia nyingi hutafuta kwanza faraja kwa viongozi wa dini. Faraja hiyo ina nafasi yake na haipingani na tiba. Hata hivyo, kumwambia mgonjwa kuwa anateseka kwa sababu imani yake ni haba humwongezea mzigo wa aibu na kuchelewesha matibabu.

Kukwepa hukuza hofu

Jambo linalougeuza wasiwasi kuwa ulemavu wa maisha ni kukwepa. Chukulia mfanyabiashara wa nguo aliyepatwa na taharuki ya ghafla akiwa ndani ya daladala iliyojaa. Siku inayofuata anaamua kutembea kwa miguu, naye anapata nafuu. Wiki zinazofuata anaacha kwenda kuchukua mzigo sokoni na kumtuma ndugu. Baadaye hata kufungua kibanda kunamshinda, na mtaji unaanza kuliwa.

Kila alipokwepa, nafuu aliyoipata ilimfundisha kuwa daladala ilikuwa hatari na kuwa kukwepa ndiko kulikomwokoa. Hakupata nafasi ya kugundua kuwa taharuki ile ingepanda, ikafika kilele, kisha ikashuka yenyewe. Ndugu wanaomfanyia kila kitu hufanya hivyo kwa upendo, lakini bila kujua wanaipa hofu nguvu.

Tiba ya mazungumzo inavyofanya kazi

Tiba ya mazungumzo hutofautiana na ushauri wa kawaida au maneno ya kumliwaza mtu. Ni matibabu yenye mpango, yanayofanywa na mtu aliyepata mafunzo, kwa lengo linalokubaliwa na pande zote mbili. Miongoni mwa aina zilizofanyiwa utafiti mwingi ni tiba ya fikra na tabia. Mizizi yake imo katika kazi ya Joseph Wolpe, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini aliyeonesha katika miaka ya 1950 kuwa hofu inaweza kupunguzwa kwa mgonjwa kuikabili hatua kwa hatua, na ya Aaron Beck wa Marekani, aliyeanza katika miaka ya 1960 kuonesha namna fikra zinavyochochea hisia.

Katika vikao vya mwanzo, mtaalamu humsikiliza mgonjwa, hupima ukubwa wa tatizo na kumweleza namna hofu inavyofanya kazi mwilini. Hatua inayofuata ni kuzichunguza fikra zinazoambatana na hofu. Mgonjwa anayesema "moyo ukienda mbio nitakufa" husaidiwa kuipima kauli hiyo: imetokea mara ngapi, na kila mara mwisho wake ulikuwaje? Lengo ni mgonjwa azipime fikra zake kwa ushahidi badala ya kuzipokea kama hukumu, na si kulazimishwa kuwaza mambo mazuri tu.

Kisha hufuata hatua ngumu zaidi, yaani kuikabili hofu kwa ngazi. Kwa mfanyabiashara aliyetajwa, ngazi ya kwanza inaweza kuwa kusimama kituoni, ya pili kuketi ndani ya daladala iliyoegeshwa, ya tatu kusafiri kituo kimoja akiwa na ndugu, na ya mwisho kusafiri peke yake wakati wa msongamano. Katika kila ngazi hutakiwa kubaki hadi hofu ianze kupungua, na kurudia mara nyingi. Mgonjwa ndiye anayekubali kasi, na hapewi jambo la kushtukiza. Vikao kwa kawaida hufanyika mara moja kwa wiki kwa miezi kadhaa, huku mazoezi ya nyumbani yakiwa sehemu kubwa ya tiba.

Wapo pia wagonjwa ambao wasiwasi wao umefungamana na matatizo halisi, kama vile madeni, ukatili nyumbani au kukosa ajira. Kwao, tiba ya kutatua matatizo husaidia kuorodhesha yanayowakabili, kuchagua moja linaloweza kushughulikiwa na kupanga hatua za kulitatua.

Nchini Zimbabwe, daktari bingwa wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006, katika eneo la Mbare jijini Harare, huduma ijulikanayo kama Benchi la Urafiki. Wanawake watu wazima kutoka katika jamii walipewa mafunzo ya kutoa tiba hiyo wakiwa wameketi kwenye benchi katika viwanja vya zahanati. Walitumia neno la Kishona "kufungisisa", lenye maana ya kufikiri kupita kiasi, ambalo wagonjwa walilifahamu. Utafiti uliohusisha zahanati 24 na washiriki 573, uliochapishwa mwaka 2016, ulionesha kuwa baada ya miezi sita waliopata huduma hiyo walikuwa na dalili chache zaidi za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Matokeo hayo yanaonesha kuwa uhaba wa madaktari bingwa si sababu ya kutosha ya kuwaacha wagonjwa bila msaada.

Nafasi ya dawa

Baadhi ya wagonjwa huhitaji dawa pamoja na mazungumzo, hasa ugonjwa unapokuwa mkali au unapoambatana na sonona. Dawa zinazopendekezwa ni zile zinazotumika pia kutibu sonona. Huchukua wiki kadhaa kuanza kuonesha matokeo, na hazipaswi kuachwa ghafla bila maelekezo ya daktari.

Dawa za kutuliza za kundi la benzodiazepini, ikiwamo diazepamu, huleta nafuu ya haraka lakini huweza kusababisha utegemezi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 haupendekezi zitumike kutibu watu wazima wenye wasiwasi wa jumla au taharuki ya ghafla. Wananchi wanashauriwa kutonunua dawa hizo bila cheti cha daktari. Vilevile, pombe hutuliza kwa saa chache, kisha wasiwasi hurudi ukiwa mkubwa zaidi.

Pa kuanzia nchini Tanzania

Mgonjwa anaweza kuanzia katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, akaeleza dalili zake zote, zikiwamo za mwili na za mawazo, na kuomba rufaa endapo huduma haipatikani hapo. Huduma za kibingwa za afya ya akili zinapatikana katika hospitali kubwa, zikiwamo Hospitali ya Taifa Muhimbili jijini Dar es Salaam na Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe jijini Dodoma. Kufika katika idara ya magonjwa ya akili si ishara kwamba mtu amerukwa na akili, na mazungumzo kati ya mgonjwa na mtaalamu ni siri.

Kabla ya kuanza vikao, mgonjwa ana haki ya kuuliza mtaalamu ana mafunzo gani, atatumia njia ipi, na baada ya muda gani watatathmini maendeleo. Endapo hakuna mabadiliko baada ya wiki kadhaa za kufuata mpango, suala hilo lijadiliwe na njia nyingine itafutwe.

Familia inashauriwa kuepuka kauli kama "acha uoga" na pia kuepuka kumfanyia mgonjwa kila analoliogopa. Mtu anapopatwa na taharuki, akae na mtu mtulivu, asaidiwe kupumua polepole na kukumbushwa kuwa hali hiyo itapita. Maumivu ya kifua yanayotokea kwa mara ya kwanza yasichukuliwe kuwa ni wasiwasi, bali mgonjwa afikishwe hospitali mara moja. Anayezungumzia kujidhuru au kujiua asiachwe peke yake, na apelekwe haraka katika kitengo cha dharura.

Mafanikio ya tiba hayapimwi kwa mtu kutohisi hofu tena, kwa kuwa hofu ni kinga ya mwili. Hupimwa kwa mambo aliyoyarudia: kazi, masomo, safari, ibada na mikusanyiko ya ndugu. Kadiri anavyotafuta msaada mapema, ndivyo mambo ya kurudia yanavyokuwa machache.